Sufuria ya Kawa Nyekundu

Kwa miaka sita Rehemah aliuza kuku ambao hakuruhusiwa kuwachinja. Aliwanunua huko Koboko, katika vijiji vya Kuluba na Midia, kwa wakulima wenyewe, akawaleta Arua kwenye matenga, akawalisha, akawanyonyoa, akawakata na kuwapeleka kwa wateja. Kazi moja tu haikuwa yake, nayo haikuzidi muda wa kusema Bismillahi. Hiyo ilikuwa ya shemeji yake Wahabu, kaka mkubwa wa mumewe, na kwa ajili ya hiyo moja, nyingine zote zilingoja.

Kila asubuhi ilibidi aende kumchukua. Wahabu alikaa nyumba ya tatu kutoka kwao, pale pale mtaani Oli, na hakutaka kupigiwa simu. Alitaka kubishiwa hodi. Rehemah alimkuta barazani na chai yake, na Wahabu alimwambia kuwa kuku wameshafungwa miguu, hawatakimbia, sasa haraka ya nini. Kisha aliagiza kikombe cha pili. Rehemah alingoja amesimama, kwa kuwa hakuna aliyemwambia akae. Wapita njia walimwamkia Wahabu kwa heshima na kumtazama yeye kama mtu aliyekuja kuomba chumvi. Kazi ilipokwisha, shemeji aliondoka na firigisi zote. Katika ukoo ule firigisi haikuwa chakula cha mwanamke. Rehemah alikuwa na miaka arobaini na minne, alikuwa ameosha firigisi nyingi kuliko idadi ya watu wa Oli, na hakuwahi kuonja hata moja.

Hayo yote aliyachukulia kama mvua. Ila katika Ramadhani ya mwaka jana, alipopokea kuku wa nne kutoka mkononi mwa Wahabu, aliona kisu kimepita pembeni. Ngozi ilikuwa imekatika na mshipa mmoja, lakini koromeo lilikuwa zima, na kuku alikuwa akihema. Wahabu alikuwa ameshainama kumtafuta wa tano, na alimtafuta kwa kupapasa. Rehemah akamtazama usoni. Katikati ya jicho la kulia palikuwa na utando mweupe kama maji yaliyooshewa mchele, na la kushoto lilikuwa linaelekea huko.

Kuku akifa vile ni kibudu, na kibudu halishwi Mwislamu. Rehemah aligeukia ukuta wa uani, uliokuwa upande wa kibla, akachukua kisu chake cha vitunguu, akataja jina la Mungu na kumaliza kilichobaki. Siku ile walikuwa wawili. Kufikia mwaka huu walikuwa wanane katika kila kumi, na mtaa mzima uliendelea kusifu mkono wa Wahabu.

Alimwambia mumewe. Sulaiti alikuwa mtu mwema asiyependa kelele. Alikuwa ameendesha lori la Juba mpaka kiuno kikamgomea, na sasa aliuza muda wa maongezi ya simu mbele ya nyumba. Alisema kaka yake ndiye aliyemlea yeye baada ya baba yao kufariki, na mzee havuliwi nguo hadharani. Rehemah akamuuliza, kama ni hivyo, kwa nini asichinje yeye. Sulaiti alimtazama kwa huzuni. Oli nzima ilijua kwamba dereva yule, aliyepita barabara ambazo wenzake walizikimbia, alizimia kila alipoona damu ya kuku.

Basi Rehemah akanyamaza, akanunua kisu kizuri zaidi cha vitunguu.

Mambo yaliharibika kwa sababu ya bahati nzuri. Rehemah alikuwa amekwenda Koboko kununua kuku kama kawaida, na Hajati Jalia akatuma mtu amwite. Hajati alikuwa mjane mwenye nyumba za kupangisha na sauti ya mtu ambaye hajawahi kukatizwa. Alikuwa anamwoza mwanawe Jumamosi ile. Alitaka kuku sitini, wamechinjwa na kusafishwa, wafike asubuhi ya siku yenyewe. Alitoa fedha ya kuwanunulia pale pale, bila kuomba apunguziwe.

"Neno moja tu," alisema. "Achinje Wahabu mwenyewe. Hiyo mkono yake mimi najua. Kwenye karama ya marehemu mume wangu alichinja kuku arobaini, na watu mpaka leo iko nasema juu ya ile nyama."

Rehemah aliikumbuka vizuri karama ile ya mapema mwaka huu, karamu ya kumwombea marehemu. Katika wale arobaini, zaidi ya thelathini walimalizikia ukutani kwake. Alijibu, "Sawa, Hajati," na neno hilo akarudi nalo Arua.

Habari ilimtangulia nyumbani. Kwa mara ya kwanza katika miaka sita, Wahabu alikuja mwenyewe bila kubishiwa hodi. Alikaa kwenye kiti cha Sulaiti, na Sulaiti akakaa kwenye kreti ya soda. Wahabu alisema amefikiri. Biashara sasa imekuwa kubwa, na haifai kitu kikubwa kubaki mkononi mwa mwanamke kama kitambaa cha kufungia vitumbua. Tangu sasa fedha za Hajati na za wengine zipitie kwake. Tena ameshaagiza bango kwa mchoraji: WAHABU NA NDUGU, KUKU WA HALALI.

"Na mimi?" Rehemah aliuliza.

"Wewe si iko na kazi yako?"

"Kazi yangu ni ipi, shemeji?"

"Kunyonyoa," alisema Wahabu. Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayetaja siku ya juma. "Shemeji, sikiliza. Mwenye kisu ndiye mwenye biashara. Bila kisu wewe unauza manyoya."

Sulaiti alitazama ndara zake. Rehemah alingoja aone kama ndara hizo zitamwambia mumewe neno la kusema. Alipoona haziongei, alijibu mwenyewe. Alisema firigisi shemeji achukue kama siku zote, na shingo akitaka pia. Biashara hapana.

Wahabu akasimama. Alisema basi atafute kisu kingine, tuone ni nani ndani ya Oli atakanyaga uani pale. Halikuwa tishio tupu. Nusu ya vijana wa mtaa walifundishwa kuchinja na yeye, na nusu ya pili alikuwa amesimamia ndoa zao. Akatoka kwa hatua ndefu, akajigonga muundi kwenye tenga lililokuwa katikati ya njia, mchana kweupe. Akamtukana aliyeliweka pale. Tenga lilikuwa pale tangu asubuhi.

Mume na mke walitazamana.

Sulaiti akaanza kusema polepole kwamba bango ni ubao tu, rangi na ubao, heri amani. Rehemah alimuuliza kama lori alilokuwa akiendesha lingeandikwa jina la aliyekaa kiti cha pembeni, angeendesha. Kwa kweli Rehemah angeweza kuyamaliza yote kwa neno moja bombani: Wahabu haoni. Kabla ya jua kutua lingefika Koboko. Alilifikiria neno hilo kwa muda wa kuosha sufuria mbili, kisha akalimwaga pamoja na maji machafu. Macho yale hayakuwa yake. Asingepanda juu kwa kukanyaga mtoto wa jicho wa mzee.

Keji alikuja Jumatano kuchukua kuku wake wanane. Alikuwa ametoka Sudani Kusini miaka tisa iliyopita, na sasa alikuwa na hoteli ndogo ya chakula karibu na kanisa la Ediofe, ambapo wanafunzi, madereva na watu wa kanisani walikula meza moja na Waislamu. Kwa ajili ya hao Waislamu hakuwahi kununua kuku kwa mtu mwingine.

"Kuku yangu iko?"

"Iko," Rehemah alisema. "Lakini iko hai."

Akamweleza. Keji alisikiliza huku akimpapasa jogoo mmoja kifua kuona kama ana nyama, kisha akashangaa shida iko wapi. Si achinje mwenyewe. Kuku akishaingia kwenye sufuria hana mdomo. Nani atasema?

Rehemah akacheka, kisha kicheko kikamkatikia. Akamwambia kwamba hivyo ndivyo alivyofanya mwaka mzima. Hakusema sababu, alisema tu kwamba kuku wengi aliowauza, aliwachinja yeye, amegeukia ukuta. Keji akamwacha jogoo.

"Sasa kama unaweza, na umefanya, wewe unalia nini?"

Ilikuwa mara ya kwanza mtu kumuuliza hivyo, na Rehemah alitafuta jibu kama anavyotafuta kitu kilichoangukia chini ya meza. Hakulia kwa ajili ya kisu. Kisu alikuwa nacho. Hakulia hata kwa ajili ya bango.

"Nalilia ule ukuta," alisema mwishowe. "Uani ni kwangu, kuku ni wangu, Mungu ninayemtaja ananisikia. Na mimi nimejificha kama mwizi. Mwaka mzima." Akayasikiliza maneno yaliyofuata kabla ya kuyatoa. "Kitu nisichoweza kukisema mlangoni, sitakifanya tena uani. Nikikifanya uani, nitakisema mlangoni. Basi."

Keji alisema kwamba maneno hayo yangemfukuzia wateja. Kisha akasema, kama anayezungumza na jogoo, kwamba yeye alifika Arua na mtoto na sufuria moja. Ndugu zake walimtaka akae kwa mjomba, apikie nyumba ya mjomba. Akapanga chumba. "Walisema sana," alisema. "Walisema mpaka kule nyumbani Yei. Walipochoka kusema, walikuja kula." Akaagiza kuku wake wanane wachinjwe pale pale, mbele yake, na akasema atawaambia wateja wake mkono ni wa nani.

Rehemah hakuwa mtu wa kutunga sheria kutokana na hasira zake. Jioni ile, kabla ya magharibi, alimchukua Sulaiti wakaenda kwa Sheikh Siraji. Sheikh alisikiliza na kusema bila kusita kwamba dini inaruhusu. Mwislamu mwenye akili timamu, kisu kikali, jina la Mungu. Mwanamume au mwanamke ni mamoja. Alitaja na kisa cha kijakazi wa zamani aliyemchinja mbuzi aliyekuwa akimfia malishoni, na nyama yake ikaliwa.

Rehemah akamuuliza kwa nini katika maisha yake yote hajawahi kusikia hilo likisemwa msikitini.

"Hakuna aliyeuliza," Sheikh alisema, akikuna ndevu. Akaongeza nasaha: kwa kuwa watu hawajazoea, ni hekima afanye kimya kimya.

"Kimya nimeshakijaribu, Sheikh. Watu wakija kukuuliza wewe, utasema nini?"

Sheikh alifikiri. Alisema akiulizwa hataficha. Haukuwa ushujaa mkubwa, ila ulikuwa kitu, na Rehemah aliupokea kama mtu anavyopokea chenji pungufu mwisho wa siku. Walipofika kwenye kona yao, Sulaiti akauliza kama kesho anataka asindikizwe Koboko. Rehemah alimwambia hapana, abaki na kuku. Lakini alilisikia swali.

Kuku sitini walikuwa tayari uani, wakila mahindi na kupiga kelele. Fedha ya Hajati ilikuwa imeshageuka kuwa wao. Rehemah akafungua kopo la akiba, akafunga kiasi kile kile kwenye leso, na Alhamisi kabla ya jua kuwa kali alikuwa Koboko.

Uwanja wa Hajati ulijaa wanawake. Wengine walichambua mchele, wengine walijaribu gurbaba zao, nguo za kujifunga za harusi, na kuvutana mikunjo. Rehemah alitumaini Hajati atawaondoa. Hajati hakumwondoa mtu. Alisema kama kuna neno, liseme, mchele hauna masikio.

"Hajati, Wahabu hatachinja kuku wako. Nitawachinja mimi."

Ungo ukasimama. Kisha mwanamke mmoja akasema, basi na harusi ifungishwe na imamu mwenye matiti, na uwanja ukaangua kicheko. Walicheka kwa raha, wakishikana mabega. Rehemah alisikia masikio yake yakiwaka moto. Alikuwa na uhakika kwamba wanaona jasho mgongoni mwake, na kwamba viatu vyake vina vumbi. Akapiga goti, akafungua leso mkekani mbele ya Hajati.

"Fedha yako ni hii. Ukitaka mkono mwingine uko huru, mimi nitakaa na kuku wangu. Lakini lisikie kwangu: wale kuku wa karama unaowasifu, wengi wao niliwachinja mimi."

Sasa hakuna aliyecheka.

"Wengi ni wangapi?"

"Zaidi ya thelathini."

"Kwa nini?"

"Kwa nini ni ya nyumba yangu, Hajati. Mkono ndio nimekuja kuusema."

Aliyekuwa amesema juu ya imamu alianza neno jingine, na Hajati akamnyamazisha kwa kidole. Kisha akaamuru akamatwe yule jogoo mwekundu aliyekuwa akichakura karibu na jiko.

Rehemah alikuwa na kisu kwenye mkoba. Alimlaza jogoo kuelekea kibla, na hakuna ukuta uliokuwa karibu. Walikuwapo wanawake ishirini. Akataja jina la Mungu kwa sauti ya kusikika, akapitisha kisu mara moja. Alimshika mpaka akatulia. Hakuharakisha, kwa kuwa jogoo hakuwa na kosa katika jambo lile.

Hajati aliinama akaitazama shingo, kama mtu aliyenunua nyama miaka hamsini na kudanganywa mara chache. "Shingo za siku ile," alisema polepole, "zilikuwa na mikato miwili. Nilizishika mwenyewe. Nikasema moyoni, mzee leo amechoka." Akainua macho, akamtazama Rehemah, na palipita kitu usoni mwake, kama mtu aliyefungua mlango usio wake na kuufunga tena bila kelele. Hakuuliza zaidi.

Alisema yeye ana wageni, hana vita. Kuku thelathini Rehemah awachinje. Thelathini awalete hai, atawanunua vile vile, na atatafuta mwanamume hapo Koboko. Sufuria zitakuwa mbili, na kila mtu atakula anakotaka. Rehemah akajibu kwamba anakubali, ila mchuzi uwe mmoja kwa zote mbili, na watu waambiwe wazi ipi ni ipi. Wanawake wakazuia pumzi. Hakuna aliyekuwa amemwona mtu akimpa Hajati masharti. Hajati akaagiza zitolewe kawa mbili za kufunikia, zile alizosuka mama yake. Nyekundu itakuwa ya Rehemah. Ya kijani itakuwa ya mwanamume.

Ijumaa mwenye hoteli moja mjini alituma ujumbe kwamba hatachukua tena kuku wake. Rehemah aliusoma mara mbili, akaufuta, akaenda kunoa kisu.

Jumamosi baada ya swala ya alfajiri alichinja kuku thelathini katikati ya uwanja wao, kule kule Oli, geti likiwa wazi. Sulaiti alilifungua yeye mwenyewe. Alisimama hapo, mgongo umeelekea damu, uso umeelekea barabara, na kila aliyepita akachungulia alimwambia kabla hajauliza: "Ni mke wangu anachinja. Ndiyo, yeye mwenyewe." Mwanzoni sauti yake ilitetemeka kama ya kijana anayeadhini mara ya kwanza. Kufikia kuku wa kumi ilikuwa imekaa sawa. Kufikia wa ishirini harufu ilimfikia, akaomba kreti ya soda akakaa, lakini aliendelea kusema.

Kule Koboko, wakati wa chakula ulipofika, Hajati alisimama mbele ya turubai akatangaza bila kuzunguka. Kawa ya kijani, amechinja mwanamume. Kawa nyekundu, amechinja Rehemah wa Arua. Mchuzi ni mmoja. Mwenye swali amuulize Sheikh Siraji, yule pale kati ya wageni. Watu wakageuka, na Sheikh, ambaye mdomo wake ulikuwa umejaa sambusa, aliinua mkono na kusema ni halali zote mbili. Alikuwa ameulizwa.

Wanaume wakaenda kwenye kijani kama maji yanavyofuata mtaro. Kwenye nyekundu walikuja wanawake wachache, na wajomba wawili wenye njaa kuliko msimamo. Rehemah alisimama nyuma ya sufuria yake pamoja na Keji, aliyekuja kusaidia kupakua, na hakumwita mtu. Baada ya muda kijani ilikuwa imebaki na vipande vya chini tu, walivyowekewa wazee. Mwanamume mmoja akasogea kando, akanong'ona kwamba anataka kidogo cha nyekundu, si chake, ni cha mke wake ambaye hajisikii vizuri. Mke wake alikuwa hatua tatu kutoka pale, anakula paja.

Ndipo akaja Wahabu.

Alikuja na fimbo na kanzu nyeupe iliyopigwa pasi, akifuata harufu na sauti, na watu wakampisha. Kila mtu alijua kwamba ndiye ambaye hakuchinja. Akasimama mbele ya sufuria mbili, akanyoosha fimbo.

"Nipe ile ya kijani," alisema, na fimbo ilielekea kwenye nyekundu.

Upawa wa Keji ukabaki hewani. Alimtazama Rehemah, na macho yake yalisema wazi: mpakulie, mwache ale, sisi tutacheka mpaka Krismasi. Ilikuwa rahisi. Ilikuwa rahisi pia kumpakulia ya kijani kimya kimya, kwa huruma, na hakuna ambaye angejua. Rehemah aliyaona yote mawili, na yote mawili yalikuwa na harufu ya ukuta.

Akasogea karibu naye, akashusha sauti ili isipite mabega yao.

"Shemeji, uliyoonyesha ni nyekundu. Ni yangu. Ya kijani iko kushoto kwako. Nikupakulie ipi?"

Nyuma ya turubai ngoma ya doluka ilikuwa imeanza, na wanawake walikuwa wakiijibu kwa vigelegele. Fimbo ikashuka mpaka ikagusa ardhi.

"Tangu lini unawamalizia?" aliuliza.

"Ramadhani ya mwaka jana."

"Ndiyo maana walikuwa wanatulia haraka." Akashusha sauti naye. "Watu iko najua?"

"Hajati aliona shingo, sikumwambia mimi. Wengine wanajua kuhusu mkono wangu. Macho ni yako, utayasema ukitaka. Ila Jumanne Sulaiti anakupeleka kwa daktari wa macho. Hilo usinibishie, nimeshamwambia."

Wahabu alitikisa kichwa, na haikujulikana anakataa nini. "Bango nimeshalipia," alisema mwishowe.

"Rangi inafutika."

Kitu kama kicheko kilimtoka puani. Kisha akapokea sahani kwa Keji, akainyoosha mbele, kwenye nyekundu, na safari hii aliinua sauti ili turubai lote lisikie. "Weka hiyo hiyo. Mwaka mzima nakula mkono yako, leo ndiyo itaniua?"

Rehemah akapakua. Alimpa paja na mchuzi, na mkono wake, kwa mazoea ya miaka sita, ukachagua firigisi na kuiweka juu. Wahabu aliipapasa kwa kidole, akaitambua. Aliinua ile firigisi na kuinyoosha mbele, kidogo upande ambao Rehemah hakuwapo, na Rehemah akasogea ili awe pale ilipoelekea.

"Hii ni ya mwenye kisu," alisema.

Wanawake walikuwa wakitazama. Hajati alikuwa akitazama. Rehemah akaichukua, akaitia mdomoni, akatafuna. Akatafuna tena. Ilikuwa ngumu kama kisigino cha ndara, na baada ya ugumu ilikuwa na ladha ya kawaida kabisa ya kuku.

"Shemeji," alisema, mdomo bado una kazi, "ni hii tu?"

"Ni hii tu," alisema Wahabu, akaenda na sahani yake kutafuta pa kukaa.

Rehemah alimeza, akafuta vidole kwenye leso, akarudi nyuma ya sufuria yake. Foleni ya nyekundu ilikuwa imefika kwenye kamba ya turubai.